Ptolemaeus: kreta kongwe ya mwezini na usiku wa kuitazama

Mkuu, umeuliza kwa nini Ptolemaeus uliiona vizuri mwezi ukiwa nusu, halafu mwezi mpevu ukaitafuta usiipate. Darubini yako ni nzima. Kreta hii, yaani shimo la duara lililochimbwa na jiwe la angani, ina upana wa kilomita 153 hivi, ila kingo zake zimechakaa mno, hivyo vivuli ndivyo vinavyoifichua. Mwezi mpevu jua linaipiga utosini, vivuli hakuna. Usiku huo anayetamba ni Tycho, kreta nyingine, na michirizi yake myeupe.

Mimi huilenga robo ya kwanza, mwezi ukiwa nusu na bado unakua, jua linapoanza kuichomozea. Kwetu Tanzania, ukitazama magharibi saa tatu au nne usiku, upande wenye mwanga huwa chini na kaskazini ya mwezi iko kulia, kwa hiyo ramani za Ulaya zigeuze kwanza. Karibu na katikati ya mwezi utakuta kreta tatu kubwa zimepangana: Ptolemaeus kulia, Alphonsus kati, Arzachel kushoto.

Hapo ndipo penye utamu, kwa sababu umri unausoma kwa macho: iliyochakaa zaidi ndiyo kongwe zaidi. Arzachel kingo zake ni kali, zina matuta ya ngazi, na kilele kimesimama katikati. Alphonsus imechakaa kiasi, kilele bado kipo. Humo ndimo chombo cha angani Ranger 9 cha Marekani kilimojibamiza tarehe 24 Machi 1965 huku kikituma picha. Ptolemaeus haina kilele kabisa, ni uwanda mtupu.

Iliyoitesa zaidi ni ile dhoruba ya mawe kutoka bonde la Imbrium, kaskazini-magharibi yake, lilipochimbwa na mgongano mkubwa takriban miaka bilioni 3.9 iliyopita. Mawe yaliyoruka yalizikwangua kingo, na mifereji yake hadi leo inaelekea huko. Sakafu nayo wengi waliidhani ni ya volkano, mpaka safari ya wanaanga ya Apollo 16 iliposhuka kwenye nyanda za aina hiyo Aprili 1972 ikarudi na mawe yaliyopondwa na kugandamana kwa migongano. Ni kifusi cha mapigo makubwa, basi.

Humo sakafuni tafuta Ammonius, kishimo cha kilomita 9 chenye kingo safi. Hata darubini ya milimita 70 inakionyesha. Kaskazini yake kuna duara hafifu, kreta iliyofukiwa, nayo inataka jua la chini sana. Saa chache zikipita huioni tena. Ukiikosa, amka robo ya mwisho, mwezi ukiwa nusu tena ukipungua, kabla ya alfajiri. Jua huwa linaichwea, vivuli vinaangukia upande wa pili.