Uliza Ujibiwe: Ramani ya Doom kwa saa mbili

SWALI: Tuko marafiki wanne hapa Umoja, na wikendi tunashindana kuchora ramani za Doom, mchezo wa kompyuta wa kupiga mazimwi risasi, kwa programu ya kuchorea ramani ya Ultimate Doom Builder na faili za bure za Freedoom (picha na mazimwi ya mchezo). Muda ni saa mbili. Zangu huwa na vyumba vya kuvutia, lakini saa inaisha kabla hazijachezeka hadi mwisho. Nikibahatika kumaliza, wenzangu wanalalamika kuwa risasi zimewaishia njiani. Nipange vipi? – Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Unapamba mapema mno. Dakika kumi za kwanza chora kwenye karatasi: vyumba vitano, mlango mmoja, na njia inayomrudisha mchezaji karibu na alikoanzia. Kisha jenga vyote vikiwa vitupu, kwa picha moja tu ya ukuta. Kufikia dakika ya 50 mtu aweze kutembea toka mwanzo hadi kwenye swichi ya kutokea, yaani mstari wa ukuta uliopewa kitendo namba 11 kwenye programu. Hata ukikwama hapo, tayari una ramani ya kuwasilisha.

Tumia gridi ya vipimo 64 vya ramani, kwa kuwa picha za sakafu ni 64 kwa 64 na zitakaa sawa bila kusukumwa. Mchezaji ana upana wa 32 na kimo cha 56. Korido ya 64 anapita, ila hana pa kukwepea, kwa hiyo weka 128. Kidato cha ngazi kisizidi 24. Kikifika 25 hapandi, na kwa macho hutaona tofauti yoyote.

Mlango ndio unaokula dakika za wengi. Shusha dari ya sekta yake (eneo lililozungushiwa mistari, lenye sakafu na dari yake) hadi sakafuni, kisha mistari yake miwili ya mbele ipe kitendo namba 1, upande wa mbele wa kila mstari ukitazama nje. Ukitazama ndani, mchezaji atabonyeza weee na mlango hautafunguka. Ukisahau picha ya ukuta ya sehemu ya juu, mlango utaonekana kama uchafu uliopakwa kwenye skrini.

Risasi zipigie hesabu, usikisie. Risasi moja ya shotgani, vipande vyote vikipata, huondoa uhai wa takriban 70. Kati ya mazimwi, impu ana uhai wa 60, dimoni 150. Impu kumi na dimoni wanne ni uhai wa 1,200, sawa na risasi 17 au 18. Ongeza nusu kwa ajili ya zinazokosa, upate kama 27. Shotgani iliyowekwa sakafuni huja na risasi 8 na sanduku lina 20, kwa hiyo vitu hivyo viwili vinatosha, mradi shotgani ipatikane kabla ya dimoni wa kwanza.

Dakika 20 za mwisho usiongeze chumba. Cheza toka mwanzo ukianza na bastola tu, bila misimbo ya udanganyifu ya kujipa uhai, na kila baada ya marekebisho hifadhi faili kwa jina jipya: sekta ikiharibika dakika ya 115, utarudia faili ya kabla yake.