Maswali na majibu: Tanga, Idjwi na siku ya nahodha

Kiangazi kikikaribia, barua za safari ya Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu, huja kwa mafungu. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatamfaa zaidi ya mtu mmoja. Zile za "Mzee, ziwa liko salama?" nimeziweka pembeni. Mwenye kuuliza aseme kwanza anatoka wapi, saa ngapi, na kwa chombo gani.

Mzee, nataka kukodi boti la tanga, mimi, mke wangu na watoto watatu, Goma hadi Idjwi, kulala usiku mmoja na kurudi. Bei gani? (Baba watatu, Himbi)

Baba, swali hili silikosi, na kila mara linaanza na bei. Bei sikuandikii. Maboti ya matanga kwetu yanahesabika kwa vidole, na kila mwenye nalo ana bei yake, nayo inapanda akiona umeshuka kwenye gari gani. Nitakuandikia namna ya kulipa, maana hapo ndipo roho za watu zinapopotea.

Mnavyofanya wengi ni hivi: mnampa mwenye boti pesa ya mwanzo, yeye anatoa mafuta ya moteri, na nahodha anangoja kulipwa mkirudi. Msiposafiri, hapati kitu. Sasa ifike Jumamosi asubuhi. Wingu jeusi limekaa upande wa Kalehe na nahodha analiona. Mkeo ameshapika, watoto wamevaa, wewe unatazama saa kila dakika. Mtu ambaye hajalipwa, mwenye deni la karo ya shule, atakwambia nini? Atakwambia "tutafika tu, shefu". Wewe mwenyewe umemnunua aseme hivyo.

Basi patana naye hivi, tena mbele ya mwenye boti: siku ya nahodha inalipwa hata msipoondoka. Akisema leo hapana, anachukua posho yake yote na mnapanga siku nyingine. Akisema tugeuke mkiwa katikati ya maji, mnageuka bila kikao. Mwenye boti akikataa masharti hayo, mwache na boti lake.

Kisha kagua majile, yaani makoti ya kuelea majini, kwa mkono wako, moja moja. Vuta mikanda, funga vifungo, minya povu la ndani. Jile lililokaa juani miaka mingi povu lake husagika mkononi. Na jile la mtu mzima halimshiki mtoto: akianguka majini, linapanda juu na yeye anateleza kwenda chini. Tafuta la kimo chake, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu.

Watoto wangu walijifunza kuogelea vizuri kwenye bwawa la hoteli. Bado wavae jile?

Wavae. Na wewe vaa.

Kwa nini kila mara unarudia majile? Sisi tunaenda kutembea, hatupandi boti la mizigo. (Kijana wa Katindo)

Kijana, tarehe 3 Oktoba 2024 boti liitwalo Merdi lilizama likitoka Minova, limejaa kupita kiasi kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa na vita. Halikuzama katikati ya ziwa. Lilizama likiwa karibu kufika Kituku, bandari ya Goma, watu wakitazama kutoka nchi kavu. Walikufa makumi ya watu mbele ya macho ya ndugu zao waliokuja kuwapokea. Miaka mitano kabla yake, mwaka 2019, boti jingine lilizama upande wa Kalehe, na Rais Tshisekedi akaamuru kila msafiri wa ziwani avae jile. Amri tunayo tangu siku hiyo. Shuka bandarini kesho uhesabu wanaoyavaa, na wanaoyakalia ili matako yasiumie.

Wewe unaenda kutembea, sawa. Maji hayatakuuliza safari yako ni ya nini.

Mwezi gani ni mzuri kwa safari ya tanga? (Mama wa Muhumba, Bukavu)

Mama, Juni hadi Agosti. Mvua imekatika na upepo una tabia inayojulikana. Alfajiri ukitoka Goma unapata pumzi nyepesi inayoshuka kutoka nchi kavu kwenda majini. Jua likipanda inakufa, na kwa muda ziwa linalala kabisa. Halafu unaingia upepo wa kusini-mashariki, na mchana unaweza kuwa mkali, wenye mawimbi mafupi yaliyosimama wima ambayo yanatapisha hata watu wazima.

Wewe unayetoka Bukavu kwenda kaskazini, upepo huo unakusukuma. Anayetoka Goma anaukuta usoni, na hakuna tanga linalokwenda moja kwa moja usoni mwa upepo. Itabidi abishe, mara kulia mara kushoto, na zile kilomita karibu 30 za kufika ncha ya kaskazini ya Idjwi ziwe 50. Ndiyo maana nasema saa kumi na moja alfajiri mwe mmeshang'oa nanga. Familia za Goma hupenda kuondoka saa nne, baada ya chai na picha, kisha zinalaumu boti.

Kuanzia Septemba hadi Mei siku nzuri zipo nyingi, ila uzuri wake ni wa asubuhi. Upande huu wa Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi kuliko zote duniani, na mlingoti ndicho kitu kirefu kuliko vyote juu ya ziwa. Ukiona wingu linarundikana juu ya Kahuzi au Nyiragongo, kisha upepo ukakatika ghafla, usingoje tone la kwanza. Shusha tanga, ingia kwenye ghuba iliyo karibu, shukeni wote, kaeni mbali na mlingoti na nyaya zake. Na tafadhali msiniandikie tena kwamba shangazi yenu alivuka mwezi wa Novemba saa tisa mchana na hakupatwa na kitu. Nampongeza shangazi.

Programu ya simu ilionyesha jua tupu. Tukalowa mpaka kwenye mifupa.

Simu haioni wingu la bonde moja la Kalehe. Muulize mvuvi anayeanika wavu wake, hatakutoza hata franka.

Tunaweza kufika Bukavu kwa tanga kwa siku moja?

Hapana. Ni kama kilomita 100, na boti dogo la tanga likienda kilomita 7 au 8 kwa saa mshukuru. Piga hesabu mwenyewe uone giza litawakuta wapi. Panga siku tatu na ulale Idjwi njiani, au panda meli kama watu wengine.

Na tukichelewa, tukamalizia usiku polepole?

Usiku ziwa lina wenyewe. Wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wanafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti, wanawasha taa juu ya maji, na wavu umening'inia chini. Taa utaziona kutoka mbali na utadhani umeona kila kitu. Miti mirefu iliyotokeza mbele na nyuma ya mitumbwi hutaiona mpaka ikutoboe tanga. Msukani wako ukinasa kwenye wavu, umeharibu kazi ya usiku mzima ya wanaume wenye watoto nyumbani. Watakudai, na watakuwa na haki. Sambaza waliletwa hapa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio mboga ya nyumba nyingi za Goma na Bukavu. Usiwachezee wanaotulisha.

Watu wa Idjwi wenyewe wanaujua usiku wa ziwa hili. Kwa miaka mingi kahawa yao ilivushwa gizani kwenda Rwanda kwa mitumbwi kutafuta bei, na wanaume wengi hawakurudi. Ukifika kisiwani utakutana na wajane wao. Kwa hiyo usije ukawahadithia ushujaa wako wa kusafiri usiku.

Nasikia chini ya ziwa kuna gesi. Boti likitikisa maji halitalipuka? (Mwanafunzi, Goma)

Halitalipuka. Gesi ipo kweli, kaboni dioksidi kama kilomita za ujazo 300 na methani kama 60, lakini imelala kilindini, zaidi ya mita 250 chini, imekandamizwa na uzito wa maji. Rwanda wanaivuta hiyo methani kule Karongi wawashe umeme. Mkuku wako wa mita moja haufiki huko. Wataalamu wanaogopa volkeno, hawaogopi boti.

Ambacho hukuuliza, na ndicho kitakachokuua mapema zaidi, ni mazuku. Kando ya kaskazini, kuanzia Goma kupita Bulengo mpaka ghuba ya Kabuno, kaboni dioksidi inatoka kwenye nyufa za ardhi. Ni nzito kuliko hewa, basi inajaa kwenye mashimo na mabonde madogo, zaidi alfajiri kabla ya upepo. Utaona shimo lenye majani mabichi mazuri, na ndani yake mjusi amelala chali, pembeni ndege, siku nyingine mbuzi. Mtu mzima akipita amesimama anaweza asisikie kitu. Mtoto akiinama kumgusa mjusi, kichwa chake kimeshaingia ndani ya gesi. Akianguka, usirukie humo kumfuata, mtakuwa wawili. Mvute kwa kamba au mti mrefu ukiwa umesimama juu. Na hema lipigwe mahali palipoinuka, hata kama bondeni kuna kivuli na nyasi laini.

Kuna mamba?

Hakuna, wala kiboko. Angalia chupa zilizovunjika ufukweni.

Nina boti langu. Nanga imekwama kisiwani Tshegera mara mbili, nikakata kamba. Nifanyeje?

Kwanza Tshegera ni eneo la Hifadhi ya Virunga. Natumaini uliomba ruhusa kabla ya kutia nanga.

Sasa nanga. Kule chini ni mawe ya volkeno, yana meno na matundu. Funga kamba ya pili, nyembamba, upande wa makucha ya nanga, na mwisho wake funga bidoni tupu la lita tano lielee juu. Nanga ikikwama, iachie kamba kubwa ilegee, nenda kwenye bidoni uvute kutoka hapo. Itatoka kinyumenyume, kama ndoano inavyotolewa kinywani mwa samaki.

Idjwi shida ni nyingine. Sehemu nyingi kina kinaporomoka ghafla, hatua chache kutoka ufukweni nanga yako inaning'inia bila kugusa chini. Tia nanga nyuma pale inaposhika, kisha peleka kamba ndefu kutoka mbele uifunge kwenye mti. Muulize mwenye mti, maana kila mti kule una mwenyewe. Panapogusana kamba na jiwe, izungushie kipande cha mpira wa ndani wa tairi ya pikipiki, na uamke usiku kukikagua, maana kinasogea.

Tukifika Idjwi tunaripoti wapi? Tutakuwa na rafiki kutoka Ubelgiji. (Dada wa Ndosho)

Dada, kumbuka unatoka Kivu ya Kaskazini unaingia Kivu ya Kusini. Kisiwa kina chefferi mbili, yaani maeneo ya machifu, Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini. Popote mtakaposhuka, muulizeni chefu wa kijiji kabla hamjatandika mkeka. Salimieni, semeni ninyi ni nani na mtalala wapi. Mbelgiji awe na pasipoti yenyewe na viza. Picha ya pasipoti kwenye simu haimsaidii. Tangu vita vya Januari 2025 mambo ya bandari hayatabiriki, safari za ziwani zilisimamishwa kisha zikarudishwa, kwa hiyo uliza siku moja kabla ya kuondoka. Jibu la wiki iliyopita limeshaoza.

Na pitieni magharibi ya kisiwa. Upande wa mashariki mpaka wa Rwanda unapita katikati ya maji, hauna ukuta wala bendera, na boti linalobisha linaweza kuuvuka bila mtu kujua. Wavuvi wanakamatwa kwa kosa hilo hilo, na wao wanalijua ziwa kuliko ninyi. Mkiwa na Mzungu ndani, maelezo yatakuwa marefu.

Tubebe kreti ngapi za bia?

Mtakunywa Idjwi, kamba zikishafungwa, na kasiksi, pombe ya ndizi, ipo. Nahodha hanywi kabisa. Asiyeweza kungoja abaki Goma.

Tukirudi tunataka kubeba mananasi, na mkaa kidogo wa nyumbani. Boti litahimili?

Mananasi ya Idjwi yanastahili safari, sikatai. Yafungeni kwenye magunia, yalale chini kabisa ya boti, katikati, na mfunge magunia yenyewe yasisogee. Boti la tanga linalala upande mmoja likibishana na upepo, na mzigo ukiteremka upande huo haurudi peke yake. Mkaa upakieni kwenye boti la mizigo, uje siku nyingine. Na mzungumze na nahodha kabla hamjaenda sokoni. Akisema magunia mawili, msimletee la tatu mkianza kumbembeleza.