Stadi ya ekzosi ikikatikia kwenye hedi, usianze na keekee

Ilikatika bila kelele. Nilikuwa nalegeza nati ya ekzosi ya pikipiki yangu ya cc 150 kwa spana namba 10, nikaona inazunguka laini, nikajua imekubali. Kumbe stadi, ile bolti isiyo na kichwa inayoshikilia ekzosi, ilikuwa inajipota ndani kwa ndani. Nati ilitoka na kipande chake, nusu nyingine ikabaki kwenye hedi, yaani kichwa cha injini.

Naishi Tanga, karibu na bahari, na huku chumvi haina huruma. Stadi ni chuma, hedi ni alumini. Vikikutana na unyevu wa chumvi, alumini inatoa unga mweupe unaojaza hesi zote, ile mistari ya kuzungushia nati,, kisha joto la ekzosi linaukausha mpaka unakuwa kama saruji. Mimi nilipulizia mafuta ya kulegezea kutu nikangoja dakika tano. Siku hizi napulizia jioni, narudia alfajiri, ndipo nashika spana.

Kosa kubwa lilifuata gereji. Kijana alitoboa stadi katikati, akaingiza ekstrakta, ile biti ya hesi za kinyume, akaikaza. Ikakatikia humo humo. Ekstrakta ni chuma kigumu mno, keekee ya kawaida haiigusi. Ikabidi hedi ishushwe, ipelekwe kwa fundi wa kukereza, naye akaila kidogo kidogo kwa biti ya kabaidi. Alipomaliza, tundu lilikuwa limepanuka na hesi zimekufa. Ndugu yangu, kama stadi imegoma hata baada ya kupashwa moto, ekstrakta nyembamba ya milimita 3 haitaitoa. Iache.

Stadi ya pili ilikatika siku hiyo hiyo, na hiyo ilitoka vizuri. Ilikuwa imebakiza milimita mbili nje. Fundi wa kuchomelea aliweka nati ya milimita 8 juu ya kisiki hicho cha milimita 6, akachomelea kwa ndani mpaka nati na stadi vikawa kitu kimoja. Usiogope kuhusu hedi, weldi ya chuma haishiki kwenye alumini. Ila toa tangi la mafuta, chomoa betri na CDI (kifaa cha umeme kinachowasha cheche ya plagi), na klampu ya ethi ya mashine ya kuchomelea ibane kwenye hedi yenyewe. Halafu ngoja. Wengi wanazungusha ikiwa bado nyekundu, wakati chuma ni laini, inakatika tena. Sisi tulisubiri ipoe, tukapasha hedi pembeni ya stadi kwa gesi. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu linailegeza stadi. Robo mzunguko mbele, robo nyuma, tone la mafuta, tena. Ukasikika mlio mkavu, "tak", ikaanza kufuata spana.

Ikikatikia sawasawa na uso wa hedi, hapo ndipo keekee inahitajika, na kazi yote iko kwenye senta. Sawazisha kwa tupa, piga senta panchi, angalia kwa tochi, na kama imekwenda pembeni irudishe kabla hujatoboa. Biti ikihamia kwenye alumini haitarudi. Anza na milimita 3, malizia na 5, kisha pitisha tapu ya M6, chombo cha kuchonga hesi za milimita 6. Biti inayokata kinyume ukiipata ni bora zaidi, mara nyingine inatoka na stadi yenyewe. Ziba tundu la ekzosi kwa kitambaa, vumbi la chuma lisiingie kwenye injini.

Lile tundu lililoharibika tulilitia koili ya hesi, springi ndogo ya waya inayokuwa hesi mpya. Unatoboa milimita 6.3, unapitisha tapu inayokuja na koili, unaizungusha koili mpaka izame nusu mzunguko chini ya uso, unavunja kijiulimi chake na kukitoa. Niliwahi kuona stadi ikivishwa waya wa shaba ili ishike. Ekzosi ikaanza kupumua, yaani kuvujisha moshi, kabla ya wiki mbili. Kuweka stadi nene zaidi kunawezekana, ila mara nyingi tundu la flanji, kile kibati cha ekzosi kinachofungwa kwenye hedi, haliipokei, na ukuta wa hedi unabaki mwembamba.

Wakati wa kufunga nilipaka grisi ya shaba kwenye hesi, nikaweka gasketi mpya na nati za brasi, nikakaza kwa zamu, kila upande kidogo, hadi nyutoni mita 10 hivi. Washa injini ipate moto, izime, iache ipoe kabisa, kisha zipitie nati mara moja tena kwa spana fupi.