Maswali ya Wasomaji: Lita Nane za Maji, na Kichwa Bado Kinauma

SWALI: Ninafanya kazi ya saidia fundi hapa Ihumwa, Dodoma. Oktoba hii jua ni kali, lakini sioni jasho likinitiririka kama nilipokuwa Dar es Salaam, ila shati langu jeusi likikauka hubaki na michirizi myeupe mgongoni. Asubuhi ninakunywa chai ya rangi tu, na chakula ninakula usiku. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri ninamaliza maji kama lita 8. Hata hivyo jioni kichwa kinauma, ninasikia kichefuchefu na mapaja yanakaza. Mwenzangu ananiambia nitie kijiko cha chumvi kwenye kikombe cha maji ninywe. Mwingine anauza “maji ya alkali” na anasema damu yangu imejaa asidi. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu msomaji, jasho lako lipo, tena ni jingi. Upepo mkavu wa Dodoma hulikausha kabla halijapata nafasi ya kutiririka, ilhali Dar es Salaam hewa imeshiba unyevu na jasho hukaa juu ya ngozi. Michirizi ile ndiyo ushahidi: maji yamekwenda na upepo, chumvi imebaki shatini. Mtu anayebeba zege juani anaweza kupoteza hata lita nzima ya jasho kwa saa moja, na kila lita huondoka na sodiamu, madini yaliyomo katika chumvi ya mezani.

Mwili hauangalii wingi wa maji peke yake, bali huangalia pia maji hayo yamechanganyika na chumvi kiasi gani. Kwa kawaida kila lita ya majimaji ya damu huwa na milimoli (kipimo cha wingi wa chembe) 135 hadi 145 za sodiamu. Kiwango hicho kikipanda, seli maalumu za ubongo huhisi, kiu hukushika, na tezi ya pituitari huachia homoni inayoziamuru figo zibane maji, ndiyo maana mkojo huwa mchache na wa rangi nzito. Kikishuka, homoni hiyo hupunguzwa na figo humwaga maji ya ziada. Utaratibu huu una mipaka yake: figo zenye afya huweza kutoa takribani lita moja tu kwa saa, na mtu akiwa katika joto na kazi nzito, homoni ya kubana maji mara nyingi haizimiki kabisa. Wewe unamimina lita 8 za maji matupu katika tumbo ambalo halijaona chakula tangu jana usiku, huku chumvi ikitoka saa baada ya saa. Sodiamu ya damu ikishuka, maji huingia ndani ya seli, na seli za ubongo zikivimba ndani ya fuvu lisilotanuka, kichwa huuma na kichefuchefu huanza. Kichwa kinaweza kuuma kwa sababu nyingine pia, malaria ikiwemo, kwa hiyo dalili zisipoisha nenda ukapimwe. Ukianza kuchanganyikiwa, kutapika mfululizo au kupata degedege, wenzako wasikupe maji zaidi. Wakupeleke hospitali mara moja.

Mwenzako wa chumvi ameliona tatizo, lakini dawa yake imezidi kipimo. Maji ya dripu yanayokaribiana na damu kwa chumvi yana gramu 9 katika lita moja. Kijiko cha chai chenye gramu 6 hivi, kikitiwa katika kikombe cha mililita 300, kinafanya maji yenye chumvi zaidi ya mara mbili ya hapo. Utumbo utavuta maji kutoka mwilini ili kuyazimua, nawe utaharisha au kutapika. Kula mchana: ugali na mlenda au maharage yaliyotiwa chumvi ya kawaida, na ndizi au zabibu, kwa sababu misuli inahitaji pia potasiamu, ambayo sehemu yake kubwa hukaa ndani ya seli. Maji unywe kwa kufuata kiu, kidogo kidogo. Mkojo wa njano hafifu ni dalili njema. Ukiwa mweupe kama maji kutwa nzima, umezidisha. Kuhusu mapaja, si kila mkazo hutokana na chumvi, kwani msuli uliochoka hukaza wenyewe. Kama una shinikizo la damu au ugonjwa wa figo, muone daktari kabla ya kubadili chochote.

Muuza maji ya alkali mwachie maji yake. Kwanza, yakifika tumboni hukutana na asidi kali na ualkali wake huishia hapo. Pili, damu ina walinzi wake: kipimo chake cha pH, yaani cha asidi na alkali, hukaa kati ya 7.35 na 7.45. Unapopandisha ndoo ya zege ghorofani, misuli hutengeneza hewa ukaa ambayo huongeza asidi katika damu, na kule kuhema kwako ndiko mapafu yanakoitoa, ndani ya dakika chache. Figo hufanya kazi yao polepole, kwa saa na siku, zikitoa asidi kwa mkojo na kurudisha katika damu bikaboneti, kemikali inayopunguza makali ya asidi. Damu iliyojaa asidi kweli ni ugonjwa mkubwa, kama unaompata mgonjwa wa kisukari aliyekosa insulini, ambaye huhema kwa pumzi nzito na ndefu hata akiwa amelala. Mtu huyo habebi zege.

SWALI: Mimi ni mama, ninaishi Kongwa. Mtoto anaharisha, na nimenunua pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuyeyusha kwa anayeharisha, lakini nina chupa ya lita 1.5 tu. Nikiyeyusha yote humo kuna ubaya?

JIBU: Upo, mama. Soma pakiti, nyingi zimepimwa kwa lita 1 kamili, na glukosi iliyomo imewekwa ili isaidie kuipitisha sodiamu katika ukuta wa utumbo, kisha maji hufuata. Ukizidisha maji, mtoto hapati chumvi anayohitaji. Ukipunguza, utaongeza kuharisha. Azima chupa mbili za nusu lita, zijaze maji safi na salama, uyamimine katika jagi ndipo utie unga wote. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea kwa kijiko, polepole. Kama ananyonya, aendelee kunyonya. Yatakayobaki baada ya saa 24 yamwage, na kituo cha afya waulize vidonge vya zinki.