Kabla hujaongeza feni nyingine

Wadogo zangu, juzi nimefungua kasha la kompyuta lenye feni saba, na prosesa, ule ubongo wake, inapiga nyuzi za joto tisini na kitu mtu akifungua tu mchezo. Feni saba! Tatu mbele zinavuta hewa ndani, mbili za juu nazo zinavuta ndani, moja imebanwa nyuma inatoa, na ya saba, ile ya kwenye kipoza chenyewe, kile chuma cha mapezi juu ya prosesa, imegeuzwa: inapuliza kuelekea mbele, inagombana na zile tatu. Hewa ya moto inazunguka humo humo haina pa kwenda. Aliyeiunga ni mmoja wenu. Simtaji, anajijua, na chai ya leo analipa yeye. Nilipomuuliza kulikoni, akanijibu, "Bosi, nilitaka iwe baridi."

Feni haileti baridi. Feni inahamisha hewa, basi. Hewa ikipita kwenye chuma cha moto inabeba joto, na ikikosa mlango wa kutokea inalirudisha pale pale. Nimelisema hili mpaka nimechoka, sasa naliandika ili kila mtu awe nalo kwenye simu yake.

1. Pima kwanza, bisibisi baadaye. HWiNFO, programu ya kusoma nyuzi za mashine, ni ya bure kwa matumizi yasiyo ya biashara. Ipe mashine mzigo kwa nusu saa, kifuniko cha ubavuni kikiwa kimefungwa, halafu andika nyuzi za prosesa, za kadi ya grafiki na za chumba. Chumba ndicho mnachokisahau. Mnasoma kwamba kipoza fulani kinashikilia prosesa kwenye nyuzi 65, hamuulizi aliyepima alikaa wapi. Kama chumba chake kilikuwa na nyuzi 21 na wewe uko Ndeeba hapa Kampala chini ya mabati saa nane mchana, nyuzi 31, basi 65 yake kwako ni kama 75, na hakuna kilichoharibika. Kipoza cha hewa hakiwezi kushuka chini ya joto la chumba hata ukifunge kamba. Kwa hiyo linganisha tofauti kati ya prosesa na chumba, uache kulia juu ya namba tupu.

Jambo jingine, kwa kuwa nimeshaanza. Kampala iko kwenye mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya kumi. Feni inazunguka vile vile na inasukuma ujazo ule ule, lakini hewa iliyomo ni kidogo, kwa hiyo joto linalobebwa nalo ni kidogo. Kabale, huko juu milimani, hewa ni nyepesi zaidi, ila wenzetu wana baridi yao ya kuwafidia. Mteja akikuletea picha ya namba za mtu wa pwani, mweleze hivyo, taratibu.

2. Njia ya hewa ni moja: inaingia mbele na chini, inatoka nyuma na juu. Feni mbili za milimita 120 mbele na moja nyuma zinatosha mashine nyingi mnazounga. Iingie kidogo zaidi ya inayotoka, ili vumbi lipitie kwenye chujio badala ya kunyonywa kupitia kila ufa. Hujui feni inapuliza upande gani? Upande wenye mikono ya plastiki inayoshika mota ndiko hewa inakotokea. Bado una shaka, chukua risiti, ning'iniza mbele yake, uone inavutwa au inasukumwa. Kazi ya sekunde tano, na ingemwokoa mtu kulipa chai ya watu wote.

3. Nenda ukaione mashine inapokaa. Hapa kaeni vizuri, maana hili lilinigharimu.

Nilikuwa na meza ya kukodi kwenye jengo moja la William Street, katikati ya Kampala, mtu na kabati lake la vioo, najiona fundi kuliko mafundi. Akaja kijana anayehariri video za harusi na kwanjula, ile sherehe ya utambulisho kwa wazazi wa bibi harusi. Nikamuungia mashine nzuri: prosesa ya koa nane (yaani viini nane vya kazi), kipoza cha mnara, feni mbili mbele na moja nyuma, kasha lenye wavu mpana juu wa kutolea moto. Mezani kwangu niliibebesha mzigo, ikatulia kwenye sabini na kitu. Akaibeba kwenda kwao Kawempe anatabasamu.

Haikupita muda, simu. "Bosi, inajizima katikati ya kurenda, ikiwa inatengeneza video ya mwisho." Nikamwambia ailete. Akaileta kwa boda, imefungwa kwa mpira wa tyubu. Nikaijaribu mbele yake: nzima. Nikamwambia ni umeme wa huko kwao, anunue yupiesi, lile boksi la betri la kushikilia umeme. Akanunua. Ikajizima na yupiesi. Nikabadilisha pesti, ile dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza. Ikarudi. Nikaongeza feni mbili za juu, zikitoa, nikamtoza hela ya feni na hela ya ufundi. Ikarudi. Kila ikija kwangu ni nzima, kila ikifika kwake inaumwa, na mimi, fundi mzima, sikujiuliza swali ambalo hata konda wa teksi angejiuliza: kwake kuna nini ambacho kwangu hakipo?

Niliamua kwamba inahitaji upepo zaidi. Chini ya meza nilikuwa na feni ya seva niliyoichomoa kwenye chakavu, nene kama tofali, mabawa yake makali. Kwenye lebo imeandikwa volti 12. Nikaona volti 12, nikaridhika. Karibu yake pale pale, kwa herufi zile zile, imeandikwa ampea 3 na ushee, na hapo sikusoma. Mnajua soketi ya feni kwenye mazabodi, ubao mkuu, ya kawaida inabeba ampea moja, wati 12. Mimi pia nilijua. Ningeulizwa kwenye mtihani ningejibu.

Nikaichomeka kwenye soketi ya feni za kasha, nikawasha. Kelele yake ilisimamisha watu kwenye korido, na mwenye duka la jirani akachungulia. Nikacheka kwa fahari. Kisha ikaja ile harufu. Nikakimbilia plagi, nimechelewa. Feni imenyamaza na mashine imenyamaza nayo, na kando ya soketi kuna mstari wa kahawia, mwembamba, umepita juu ya ubao mpaka chini ya kadi ya grafiki. Mwenye mashine alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakusema neno. Afadhali angenitukana.

Video za kwanjula zilikuwa salama kwenye diski, ila familia ya bibi harusi ilikuwa inazisubiri Jumamosi, na baba yake hakuwa mtu wa kungojeshwa. Nikatoa hela ya pango, nikazunguka mjini nikapata mazabodi yenye soketi ile ile ya prosesa, nikaunga usiku. Asubuhi, kwa aibu, nikasema mzigo huu naupeleka mwenyewe.

Nikafika Kawempe. Sebule safi, zulia limefagiwa. Mashine inapokaa ni kwenye kona, kati ya kochi na ukuta, mgongo wake umegusa pazia. Mama yake mzazi akanikaribisha, akaniletea chai, na kabla sijamaliza kuunganisha waya akaja na kitambaa cha kufuma, cheupe, kina maua mekundu pembeni, akakitandaza juu ya kasha kwa upole kabisa, akakinyoosha pembe zote nne, kisha akaweka juu yake chombo cha maua ya plastiki na picha ya mahafali ya mwanawe.

Nikabaki na kikombe mkononi. "Mama, hiki huwa kinakaa hapa?"

"Siku zote, fundi. Si unaona vumbi la barabara hii? Nikaona nisiiache mashine ya mwanangu wazi."

Tukaiwasha, tukaipa video irende. Baada ya dakika chache nikaweka kiganja juu ya kitambaa: joto limepita mpaka upande wa juu, na katikati, penye feni nilizomtoza, uzi umeinuka kidogo, unatetemeka. Ile hewa yote ilikuwa inapiga kitambaa na kurudi, na ya nyuma inapiga pazia na kurudi. Prosesa ikifika kikomo chake, nyingi za Intel nyuzi 100, Ryzen za AMD nyingi 90 au 95, inapunguza kasi. Moto ukizidi hapo mashine inajizima ijiokoe. Ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa. Mgonjwa alikuwa fundi.

Tulivuta kasha shibiri moja kutoka ukutani, tukafunga pazia pembeni, na kitambaa kikahamia juu ya televisheni. Mama akauliza, "Na maua je?" Maua yakapanda juu ya spika. Haikujizima tena. Hela ya zile feni mbili nilirudisha, ya mazabodi sikuthubutu kuitaja.

Ninyi mna WhatsApp. Mteja akisema inazima nyumbani, omba picha ya mahali inapokaa, tena mwambie asipange kwanza. Na soma ampea. Feni nyingi ukizitaka, tumia habu, kigawanyo cha feni, inayochukua umeme moja kwa moja kwenye pawa saplai, lile boksi linaloilisha mashine umeme.

4. Vumbi. Murramu, udongo wetu mwekundu wa barabarani, ni laini, inajaza mapezi ya kipoza mpaka unaona blanketi. Wakati wa kiangazi, Desemba mpaka Februari na tena katikati ya mwaka, mashine iliyo karibu na barabara isafishwe mara nyingi zaidi. Tumia bloa na brashi. Nimewaona mnaopeleka makasha kwa mzibaji wa matairi apulize kwa kompresa. Ile tangi ina maji ndani! Uliza fundi yeyote wa rangi za magari. Na unapopuliza, shika mabawa ya feni kwa kidole. Ukiiacha ijizungushe kwa kasi isiyo yake unaua beringi, kisha mteja anarudi na mlio.

Wenye wateja Entebbe na Ggaba, nyinyi mna adui mwingine: wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi, wakifuata taa. Chandarua kwenye mlango wa hewa kinawazuia vizuri. Vumbi hakizuii. Soksi za nailoni zinazuia vumbi, lakini zikichafuka zinaziba hewa, kwa hiyo mteja asiyefua asiwekewe.

5. Pesti: tone la ukubwa wa punje ya njegere, katikati. Mnaopaka mkate siagi, acheni. Na ng'oeni ile plastiki chini ya kipoza kipya. Inaandikwa kwa herufi kubwa na bado nazikuta.

6. Vipoza vya Intel vinavyokuja na boksi vina miguu minne ya kubonyeza. Bonyeza kwa mshazari, kisha geuza mazabodi uone ncha zote nne nyeusi zimetokeza nyuma. Mguu mmoja ukiwa haujaingia, kipoza kinakaa upande na nyuzi zinapanda, na wewe unaanza kulaumu pesti. Kwa Ryzen za soketi ya AM4, usivute kipoza mashine ikiwa baridi. Iwashe dakika chache pesti ilainike, izime, zungusha kidogo kushoto na kulia, ndipo uinue. Ukivuta kwa nguvu prosesa inatoka imenata na pini zimelala, na hapo utajifunza kuzinyoosha kwa sindano huku umeshikilia pumzi.

7. Bayosi, yaani mipangilio ya mazabodi yenyewe. Feni ya pini tatu kwenye soketi ya pini nne iwekeeni hali ya DC, inayopunguza kasi kwa kupunguza volti, la sivyo inaenda kasi yote saa zote. Msipandishe kasi ovyo: ukizidisha mzunguko mara mbili, feni ile ile inataka nguvu mara nane, na masikio ya mteja hayana kipimo. Anza kuipandisha ikifika nyuzi 60, iachie yote ikifika 80 na kitu.

8. Mijusi. Msicheke. Pawa saplai ina joto usiku kucha, na mjusi anapenda joto kama ninyi mnavyopenda rolex, ile chapati ya mayai. Tundu za nyuma ambazo hazina kadi zifungeni kwa vibati vyake. Mnavitupa halafu mnashangaa. Nilimwona mmoja amekauka amejinyoosha kutoka pini hadi pini, na fuse imekwenda naye. Ikitokea kwenye pawa saplai, usiifungue hata kama umeichomoa tangu asubuhi: kapasita zake zinakaa na umeme wa kutosha kukurusha. Nunua nyingine, mwonyeshe mteja mjusi kupitia matundu, akuelewe kuhusu bei.