Mwalimu Tarajali wa Michezo Apimweje?

SWALI: Mimi ni mkufunzi wa elimu ya michezo katika chuo cha ualimu. Mwanachuo aliyeongoza mtihani wangu wa sheria za michezo alikwama alipokwenda shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, ilhali mwenzake, mchezaji hodari, alicheza vizuri mbele ya darasa lakini hakumsahihisha mtoto hata mmoja. Nitunge mtihani wa namna gani?
Mkufunzi, Dodoma

JIBU: Ndugu Mkufunzi, mtihani wako haukuwa mbaya, ila ulipima upande mmoja tu. Kujua kwamba mpira wa pete huchezwa na watu saba kila upande, au kwamba mchezaji hahesabiwi kuotea anapoupokea mpira moja kwa moja kutoka kwenye kona, ni maarifa ambayo mwamuzi anayo na hata shabiki makini anayo. Mwalimu naye anayahitaji, kwa hiyo yabakize katika maswali mafupi yenye alama chache. Hakikisha tu kwamba kitini chako hakijapitwa na wakati: eneo la kupokezana kijiti katika mbio za mita 100 kwa wanne, kwa mfano, sasa ni mita 30, si 20 kama zamani.

Alama nyingi zielekeze kwenye kazi ya mwalimu hasa, yaani kuliona kosa la mtoto, kutambua chanzo chake na kuchagua zoezi linalofuata. Tubaki na vijiti. Mweleze mtahiniwa kwamba mpokeaji wa darasa la sita husimama na kugeuka nyuma kila anapofikiwa, kisha mtake ataje sababu mbili zinazowezekana, pamoja na zoezi la kurekebisha kila moja. Aliyekariri ataandika kwamba kijiti kipokelewe ndani ya eneo lake, jambo ambalo ni kweli lakini halimsaidii mtoto. Anayejua kufundisha atahisi kwamba huenda mtoto hajui aanze kukimbia wakati gani, hivyo atahesabu hatua na kumchorea alama ardhini. Au kwamba hamwamini mwenzake, na hapo atawarudisha kukabidhiana wakitembea, kisha wakikimbia polepole, mtoaji akiita ndipo mpokeaji anyooshe mkono nyuma bila kutazama.

Kabla ya kusahihisha, kaa na mkufunzi mwenzako mkubaliane ni majibu gani yanastahili alama, kwa kuwa maswali ya aina hii huwa na zaidi ya jibu moja sahihi. Na yule mchezaji hodari mpe swali la mchezo asioucheza.