Ukipigiwa Simu "Kutoka Juu", Omba Barua

Nilipokuwa nikisimamia kiwanda kidogo cha uchapaji, afisa mmoja wa serikali alinipigia simu asubuhi, mashine zikiwa zinanguruma, akaniuliza kwa upole kama ni kweli tulikuwa tunachapa kijitabu cha mteja fulani ambaye wakubwa hawakumpenda. Nilipokiri, alisema, "Sisi hatukukatazi, ndugu yangu, ila tumia busara. Leseni yako inaisha lini vile?" Kabla sijajibu akaaga na kukata simu. Siku hiyo hiyo nilisimamisha kazi ile, na usiku nikajisifu kwamba nimeiokoa biashara.

Mwanasheria wetu aliposikia habari hiyo hakunipongeza. Aliniuliza swali moja tu: "Amri yenyewe iko wapi, ili nijue tunapinga nini?" Sikuwa na kitu cha kumwonyesha. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimejifungia mwenyewe, na kwamba mwenye mamlaka ya kisheria ya kunizuia angeyatumia kwa maandishi, yenye saini na muhuri. Mara nyingi anayepiga simu hupiga kwa sababu mamlaka hayo hana, au anayo lakini hataki yapimwe mahakamani.

Mbinu hii si ngeni. Mwaka 1956 jimbo la Rhode Island nchini Marekani liliunda tume ya kulinda maadili ya vijana, ambayo haikuwa na uwezo wa kumshtaki wala kumtoza mtu faini. Ilichofanya ni kuwaandikia wasambazaji wa vitabu barua za adabu, zenye kutaja vitabu ilivyoviona havifai kwa vijana, ikiwashukuru mapema kwa ushirikiano wao na kuwakumbusha kwamba ina wajibu wa kupendekeza mashtaka kwa mwanasheria mkuu. Msambazaji mmoja alipokea barua kama hizo zisizopungua 35, na kwa kawaida muda mfupi baadaye polisi alifika kumuuliza amechukua hatua gani. Alivirudisha vitabu. Waliokwenda mahakamani ni wachapishaji, si yeye (na simlaumu, kwa maana nami nilifanya kama yeye), na mwaka 1963 Mahakama ya Juu iliamua kwamba huo ulikuwa udhibiti hata kama uliitwa ushauri.

Hata amri iliyotiwa saini ina mpaka wake. Rais Truman wa Marekani alipoamuru viwanda vya chuma vitwaliwe mwezi Aprili 1952, wakati wa vita vya Korea, mahakama hiyo hiyo ilitengua amri yake mwezi Juni, kwa kura 6 dhidi ya 3, kwa sababu hapakuwa na sheria iliyompa uwezo huo. Kesi hiyo iliwezekana kwa kuwa amri ilikuwapo, nyeusi kwenye karatasi nyeupe.

Kwa hiyo ninachowashauri wenye biashara ni kuyatia maneno ya simu katika maandishi ninyi wenyewe. Mimi niliandika tarehe, saa na maneno niliyoyakumbuka, kisha nikaipelekea ofisi ile barua fupi, isiyo na neno la ukali, iliyosema: "Kwa kurejelea mazungumzo yetu ya simu, tunaomba kujulishwa kifungu cha sheria kinachotuzuia kuendelea na kazi hii." Nakala nilimpa mwanasheria. Msigombane na aliyepiga simu, na msidhani kwamba kila afisa anayetoa maoni anawatisha. Serikali ina haki ya kusema na kushawishi, lakini kuunganisha maoni hayo na leseni, kodi au ukaguzi ni jambo jingine kabisa.

Sitasema kwamba barua ni kinga kamili, kwani zipo nchi ambako mahakama zenyewe zinaogopa simu. Ndiyo maana hesabu, leseni na mikataba yenu iwe safi kabla hamjaandika lolote, maana atakayetaka kuwaadhibu ataanza kutafuta huko.

Barua yangu haikujibiwa, nasi tukakimalizia kijitabu. Wiki tano baadaye walikuja wakaguzi wawili, wakakagua kila kona, wakakuta mtungi mmoja wa kuzimia moto uliopitwa na tarehe ya huduma. Kosa lilikuwa letu. Tulilipa faini tukachukua stakabadhi. Kuhusu kijitabu hawakuuliza neno.